CD isiyo na kijitabu

CD yenyewe niliinunua kwa muuza mitumba. Jalada lina mawe yaliyosimama kwenye nyasi za kijani na neno moja kubwa, "Celtic", yaani Kikelti, jina la jumla la muziki wa Ayalandi, Uskoti na sehemu nyingine za Ulaya magharibi. Ndani hamna kijitabu. Nyimbo 14, jina la mwimbaji hakuna hata moja. Niliichukua kwa sababu ya bei, nikaja kuipenda kwa sababu ya wimbo wa nne. Mwanamke anaanza peke yake, kisha wenzake wanaitikia kwa silabi ambazo hata usipojua lugha unahisi kwamba si maneno, na chini yao kuna gitaa, kinanda na ngoma za kisasa kabisa. Siku ya kwanza niliurudia mpaka wa nyumbani wakanilalamikia.

Ilichukua miaka kujua nilichokuwa nasikiliza. Jibu lilikuja kwenye mkusanyiko mwingine, huo ukiwa na kijitabu kinene. Wimbo unaitwa Coisich a Rùin, yaani "Tembea, mpenzi", na bendi ni Capercaillie ya Uskoti, Karen Matheson akiimba. Mwaka 1992 ukawa wimbo wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kuingia kwenye nyimbo 40 zinazoongoza Uingereza. Wenyewe lakini una umri wa karne kadhaa, na haukutungwa kwa ajili ya jukwaa. Ni wimbo wa kazi.

Kule visiwa vya Hebrides, Uskoti, kitambaa cha sufu kikishafumwa huwa bado kimelegea. Wanawake walikilowesha kwenye mkojo uliokaa siku nyingi. Naam, mkojo, uliwekwa akiba majumbani kwa ajili hiyo, kwa kuwa huondoa mafuta ya sufu na husaidia rangi kushika. Kisha walikaa kuizunguka meza ndefu, wakawa wanakipiga mezani na kukisukuma kwa jirani, mkono kwa mkono, mpaka kinywee na kuwa kizito. Mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia, na ngoma yao ni kile kitambaa chenye maji kikigonga ubao. Baada ya kusoma hayo niliuweka tena wimbo wa nne. Kumbe yale mapigo niliyoyadhania ni ya ngoma yalianza kwenye viganja vya wanawake.

Ndiyo maana sikubaliani na mashabiki wakongwe wanaozibeza albamu za mkusanyiko, wakisema ni za watalii. Mtu aliye mbali na Dublin au Glasgow, asiye na rafiki wa kumwonyesha njia, alitakiwa aanzie wapi? Na muziki huu wenyewe umetufikia kwa sababu kuna watu waliokusanya. Mwaka 1792 wapiga kinubi 10 wa Ayalandi na mmoja wa Wales walikutanishwa Belfast, kadhaa wao vipofu, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akapewa kazi ya kuandika walichopiga kabla hawajaondoka nacho kaburini. Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha kitabu cha tuni 1,850 mwaka 1903, nyingi akiwa amezipata kwa wahamiaji wenzake wa Ayalandi waliokuwa mjini humo. Bunting na O'Neill walikuwa wakusanyaji. Sioni kwa nini mkusanyaji wa CD adharauliwe kwa kazi ileile.

Ninachokipinga kwa moyo wote ni mkusanyiko unaoficha. "Kikelti" ni neno la rafu ya duka zaidi ya kuwa neno la wanamuziki wenyewe. Mpiga fidla wa kaunti ya Clare atakwambia anapiga muziki wa Ayalandi, tena wa Clare. Huko Bretagne, Ufaransa, kuna uimbaji wa dansi uitwao kan ha diskan. Waimbaji ni wawili, na wa pili anaingia kwenye silabi za mwisho za mwenzake kabla hajamaliza, hivyo pumzi haikatiki na wachezaji hawasimami. Galicia, Uhispania, wana gaita, zumari yao ya mfuko. Ukivichanganya vyote chini ya picha ya ukungu na kuviita muziki wa kupumzikia, umewanyang'anya watu hawa majina yao. Nani apumzike kwa kan ha diskan? Ule ni muziki wa kutoa jasho!

Sisi wa Pwani maumivu haya tunayajua. Taarab yetu nayo huuzwa nje, na tofauti kati ya mkusanyiko wenye heshima na usio nayo tunaiona mara moja. Mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa kuanzia 2005, ulitenga CD nzima kwa taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Una mji na una miaka, na msikilizaji wa mbali anajua amesimama wapi. Hicho ndicho ninachokidai kwa Waayalandi na Waskoti pia.

Kuhusu uzee na usasa, hapo mkusanyiko mzuri unazidi hata mwalimu. Kwenye ule wenye kijitabu niliwakuta Afro Celt Sound System, kundi lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1996. Mle mna zumari ya Ayalandi inayopulizwa kwa mivukuto iliyobanwa na kiwiko, mpigaji akiwa ameketi. Ina tete la ndimi mbili kama zumari yetu ya harusini, na sikio langu lililitambua kabla sijasoma. Mna kora, kinubi cha Afrika Magharibi. Kisha nikaona kwenye orodha jina la Ayub Ogada, Mkenya mzaliwa wa Mombasa, na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo. Niliduwaa. Nilikuwa nimekwenda kuitafuta Ayalandi, nikamkuta mtu wa nyumbani ameshafika.

Mwimbaji wa albamu hiyo, Iarla Ó Lionáird, anatoka Cúil Aodha, kaunti ya Cork, na anaimba Kigaeli cha Ayalandi kwa mtindo wa kale usiohitaji ala. Katika ukoo wake, kizazi cha bibi zake, alikuwapo Elizabeth Cronin, ambaye Alan Lomax, Mmarekani mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alimrekodi mwaka 1951. Sikiliza Cronin, kisha Ó Lionáird juu ya kompyuta na ngoma, na hutauliza tena ni upi wa asili na ni upi wa kisasa. Martyn Bennett wa Uskoti naye alifanya hivyo katika Grit, albamu yake ya 2003. Ugonjwa ulikuwa umemzuia kupiga ala, akachukua sauti za kale za waimbaji wa Kigaeli na wa jamii ya wahamahamaji wa Uskoti waitwao Travellers, akazijengea mapigo ya kumbi za dansi. Alifariki Januari 2005 akiwa na miaka 33. Sauti hizo hazikudhalilika hata kidogo. Zimepandishwa mpaka ukuta unatikisika.

Wiki hii nimemtengenezea dada yangu mkusanyiko wangu mwenyewe. Wa kwanza Cronin, wa pili Ó Lionáird, wa tatu Bennett, na wa nne wale wanawake wa kitambaa. Nimemkunjia na karatasi, nimeandika kwa mkono. Mstari wa juu unasema: Elizabeth Cronin, Baile Mhuirne, kaunti ya Cork, 1951, hakuna ala.