Mtoto wa chekechea afundishwe kuvuka au kusimama?

Huku Nkuhungu, Dodoma, wazazi tumegawanyika tangu chekechea moja ianze kufundisha watoto usalama barabarani. Wengine wanashangilia, wengine wanauliza mtoto wa miaka minne unamfundisha kuvuka barabara aende wapi.

Wanaoshangilia wana hoja nzito jamani. WHO wanasema ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na Dodoma hii sio ile ya kabla serikali haijahamia, magari yamejaa, boda zinachomoka kila uchochoro, halafu watoto wetu wengi wanapelekwa shule na kaka yao wa darasa la pili, sasa asipofundishwa atajuaje.

Ila nimeenda kuangalia hilo somo lenyewe. Mwalimu amesimama anawatazama watoto, ananyoosha mkono, "kulia, kushoto, kulia tena!", na watoto wanamuiga kama kioo, yaani kulia kwake wao wananyoosha kushoto. Na sisi tunaendesha kushoto, ukisimama pembeni gari la kwanza kukufikia linatokea kulia! Hata aliyepatia anageuza shingo tu kama anacheza, hajaona kitu. Gari la spidi 50, ile inayoruhusiwa kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, mtoto wa umri huo hawezi kupima hiyo kitu hata umuimbishe mwaka mzima, na akiwa nyuma ya Noah iliyopaki dereva hamuoni kabisa.

Kinachonitisha zaidi ni sisi wazazi, tutaanza kusema "si wameshafundishwa" halafu tunamwachia aende mwenyewe. Dar mradi wa SARSAI, ule wa usalama barabarani karibu na shule wa shirika la Amend, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross 2019, na kazi yao kubwa ilikuwa kujenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule, yaani walianza na barabara yenyewe.

Kwa hiyo mimi nasema afundishwe, lakini afundishwe kusimama. Mchoreeni mstari wa chaki uwanjani, akifika hapo anaganda mpaka ashikwe mkono na mtu mzima, kila siku mpaka mwili uzoee. Kuvuka mwenyewe atajifunza akikua. Na lile geti la chekechea linalomwaga watoto moja kwa moja barabarani lihamishiwe upande wa uchochoroni, tofali tutachangia wazazi.