Waliojificha hawamo kwenye sampuli
Makala ya utafiti ninayoihakiki inasema unyanyapaa ndio unaovunja mahusiano ya wapenzi wa jinsia moja, ila wahojiwa wote walitoka kundi moja la marafiki. Wanaoishi mafichoni, ambao unyanyapaa huwabana zaidi, hawamo. Afadhali kila mhojiwa apewe kuponi tatu tu za kualika wengine, mwenye marafiki wengi asijaze sampuli. Wapenzi nao wahojiwe kila mmoja peke yake, saa ileile. Wakikaa pamoja mmoja hujibu, mwingine huitikia tu. Tangu kazi ya 2003 ya mtafiti Ilan Meyer kuhusu msongo wa makundi ya walio wachache, watafiti hutenganisha kubaguliwa, kutarajia kubaguliwa, kujificha na kujichukia. Hapa vimekorogwa chungu kimoja. Na swali la "mwenzi wako", kwa umoja, linawafuta wenye wapenzi wawili.