Televisheni moja, mtaa mzima

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema harusi ya Mwanamfalme William wa Uingereza na Kate ilitazamwa huku kwetu na watoto wa nyumba zenye uwezo tu. Nampinga kwa heshima. Tarehe 29 Aprili 2011 mimi nilikuwa darasa la tatu, Kirumba, Mwanza, na nyumbani hatukuwa na televisheni. Tulijazana kwa jirani, mama mwenye duka, watoto chini kwenye mkeka, akina mama nyuma, wengine bado wananukia dagaa wa soko la Mwaloni. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana kwa saa zetu.

Mimi nilishangaa miti. Miti mibichi ndani ya kanisa la Westminster Abbey! Bibi yangu, Msukuma wa Magu, hakujali miti wala gauni. Aliuliza ng'ombe wangapi wametolewa. Alipoambiwa kule hawatoi, akanyamaza, kisha baba mtu alipomshika Kate mkono kumpeleka altareni akasema, "Afadhali, ana wazazi." Nampenda bibi kwa jicho lile.

Mama yangu harusi ya Diana, mama yake William, 1981, aliiona kwenye picha za gazeti tu, maana huku Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza 1994. Kwa hiyo siku ile alikaa mpaka mwisho, chakula cha mchana kikachelewa, na hakuna aliyelalamika.

Ombi langu kwa mwandishi: aandike pia harusi ya Kabaka Mutebi, mfalme wa Buganda kule Uganda, na Sylvia Nagginda, kanisa kuu la Namirembe, 1999. Ile ni ng'ambo tu ya ziwa letu.