Umeme wa koo: msuli unakaza kweli, ila kumeza je?

Bamdogo alipata stroki mwaka juzi. Mkono ukarudi kidogo kidogo, maneno yakarudi, mpaka matusi yake ya utani yakarudi, kilichogoma ni kumeza. Chai ya rangi tu, kijiko kimoja, ikifika kooni anapaliwa mpaka machozi yanamtoka na sisi tumemzunguka tunampigapiga mgongo hatujui hata tunafanya nini. Halafu cha ajabu uji mzito alikuwa anaumudu kuliko maji, na sisi muda wote tulikuwa tunakomaa na maji maana tuliamini chepesi ndo rahisi. Kumbe maji yana mbio, yanawahi kwenye njia ya hewa kabla koo halijajifunga.

Sa katika kuhangaika, binamu yangu akaja na kimashine cha kushtua misuli, zile za pedi nne za kunata zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya mgongo na kupunguza kitambi. Muuzaji kamwambia inatibu hata koo lililolala, bandika hapa mbele ya shingo, washa, subiri. Mi nikaanza kusoma kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi (nina huo ugonjwa wa kusoma vikaratasi) na pale pale kuna mchoro wa mtu, shingo yake ya mbele imepigwa alama ya kosa. Yaani mwenye mashine mwenyewe anasema usiweke hapo, muuzaji anasema weka hapo hapo! Na sababu ipo, pembeni ya koo kwenye mishipa mikubwa ya damu kuna sehemu inayopima presha, ukiishtua mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla, na misuli ya koromeo yenyewe inaweza kubana mtu akakosa pumzi.

Ila nisiwe muongo, umeme wa kutibu kumeza upo na ni wa kweli. Marekani mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, FDA, iliruhusu mashine ya VitalStim mwaka 2001, hiyo imetengenezwa maalum kwa shingo, inapiga mapigo 80 kwa sekunde, umeme unapandishwa taratibu hadi miliampia 25 na mgonjwa anakaa nayo kama saa nzima akiwa chini ya macho ya mtaalamu aliyesomea. Wazo lenyewe linaeleweka hata kwa mtoto: msuli umelegea, ushtue, utaamka.

Sa hebu weka vidole viwili kwenye koromeo lako umeze mate. Umesikia linavyoruka juu? Huo mruko ndo unaokuokoa, koromeo likipanda na kwenda mbele njia ya hewa inafunikwa na mlango wa chakula unafunguka, na yote inaisha kwa muda wa kama sekunde moja tu. Misuli zaidi ya ishirini inapokezana hapo, kila mmoja na zamu yake. Sasa ile misuli iliyo karibu kabisa na ngozi hapo mbele ya shingo, ambayo umeme wa pedi unaifikia kwanza, kazi yake ni kuvuta koromeo lishuke. Inayolinyanyua kuna mingine imejificha chini ya hiyo. Kwa hiyo ukiwasha umeme wa nguvu pale, unaweza kuwa unavuta kamba upande wa wapinzani.

Na hili limepimwa. Mwaka 2006 mtafiti Ianessa Humbert na wenzake waliwawekea umeme huo watu wazima wenye afya 29 huku wanawaangalia kwa eksirei ya video, koromeo lilishuka wakiwa wametulia, na walipomeza halikupanda kama kawaida. Mwaka uliofuata mtafiti Christy Ludlow akajaribu kwa wagonjwa 11 wenye shida ya kumeza ya siku nyingi na hapa ndo mimi nilipokaa vizuri kwenye kiti, maana umeme mdogo, ule wa kutekenya tu kama sisimizi wanatembea bila msuli kukaza, ndo uliosaidia chakula kipungue kuingia njia ya hewa wakati wa kumeza. Yaani pengine faida haiko kwenye kukaza msuli kama tulivyoaminishwa, iko kwenye kuukumbusha ubongo kwamba kuna koo huku.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa watu 53 wa stroki, wote walikuwa wanapewa tiba ila kundi moja lilipewa mazoezi makali ya kumeza na mashine ikiwa ya danganya toto tu, haitoi umeme wa maana. Hao ndo waliofanya vizuri kuliko waliofanya mazoezi hayo hayo huku wamewashiwa umeme kweli. Waingereza nao kupitia NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, walishasema 2018 kwamba kwa wenye stroki kuna dalili ya faida ila ushahidi ni dhaifu, itumike kwa uangalizi maalum, na kwa wasio wa stroki ibaki kwenye utafiti.

Kwa hiyo mi msimamo wangu ni huu na najua kuna watu watanuna. Sipingi umeme, nachopinga ni kumkalisha mzee saa nzima na pedi shingoni anaangalia ukuta wakati hiyo saa angemeza. Koo linajifunza kumeza kwa kumeza. Ukipata mtaalamu muulize umeme unawekwa wapi, mdogo au mkubwa, na mgonjwa anameza nini wakati umewaka. Akijibu hamezi kitu, mi ningebeba mkoba wangu.

Shida ni kwamba hao wataalamu wa kumeza huku kwetu kuwapata ni kazi, sisi tulikula mwezi mzima wa kuulizia, na ndo pengo hilo wauza mashine wanapopitia. Tulipompata, yule dada hakuja na mashine yoyote. Alikuja na kijiko cha chai. Bamdogo akae wima kabisa, kidevu kishuke, nusu kijiko cha uji, ameze kwa nguvu kama anameza kidonge kikubwa, halafu ameze tena mkavu, halafu aseme "aaa". Sauti ikitoka na maji maji kama mtu anagugumia ndani ya kikombe, simama, maana kuna mwingine chakula kinaingia mapafuni hata hakohoi na nimonia ndo inakuja kuwaambia.

Mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Wiki ya tatu akasema, "Mwanangu, huu uji nimeuchukia kuliko stroki." Mwezi wa tatu akanywa chai kikombe kizima, taratibu, tukiwa tumenyamaza wote kama tunasikiliza penalti redioni.

Kile kimashine kipo, shangazi anakibandika mgongoni akitoka shamba na anakisifia sana.