Huyo Mbuzi Hana Haya, Anaumwa

"Ana haya tu huyo, mwacheni azoee."

Maneno haya nimeyasikia tena wiki iliyopita hapa mtaani kwetu Mikindani, Mtwara, na safari hii sinyamazi. Jirani aliwaletea wanawe mwanambuzi, jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, si wa kuchinja wala wa biashara, wa kucheza naye tu. Katoka mnadani, kafungwa miguu, kapakiwa bodaboda, kafika jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Watoto wakampa jina na utepe wa shingoni. Yeye akajibanza pembeni ya jiko, kichwa chini, kimya. Kila aliyepita barazani akawa daktari: mgeni huyo, anamkumbuka mama yake, ana haya. Bibi mmoja akamsifu kabisa kwamba ana adabu kuliko wajukuu zake. Mwenye adabu akafa. Watoto wakaambiwa kafa kwa upweke.

Upweke! Manyoya ya nyuma yalikuwa yamegandamana kwa kuharisha, na katika madaktari wote wale hakuna aliyeinua mkia kuangalia.

Nitakubali jambo moja kabla hamjanijia juu. Haya ipo. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimtoa kwa wenzake ukamweka peke yake kwenye ua wa saruji wenye redio na watoto wa mtaa mzima, lazima aduwae. Atalia usiku, atakataa majani mpaka muondoke. Sawa. Lakini msukosuko wa safari wenyewe humdhoofisha, na ugonjwa aliokuja nao ukiwa umejificha ndipo unapopata nafasi. Kwa hiyo mgeni mwenye haya na mgeni mgonjwa wanaweza kuwa mbuzi yule yule, na "mwacheni azoee" inabaki kuwa ushauri mbovu.

Kinachonikera hasa ni hiki. Huku pwani tunaipenda haya. Mtoto akiinamisha macho mbele ya wageni tunasema huyu kalelewa, na akijibu kwa sauti ya chini mama yake anavimba kichwa. Sina ugomvi na hilo, nami nimelelewa hivyo hivyo. Ila tumeibeba tabia hiyo tukaipeleka bandani. Mbuzi akitulia tunafurahi. Akikubali kushikwa tunasema ametuzoea. Mnadani ndiyo usiseme: muuzaji anakuonyesha kitoto kilichosimama kimya, anakwambia, "Huyu mpole, chukua, wa watoto huyu," na sisi tunaongeza bei juu ya ugonjwa.

Mbuzi mwenye haya ana kazi nyingi. Masikio hayatulii, yanakufuata kila upande. Macho yako kwako. Ukisogea hatua moja yeye anasogea mbili, ukimziba njia anaruka juu ya ndoo za watu. Kama kuna mwenzake, atajificha nyuma yake, hatajitenga. Ukitoka ukachungulia dirishani utamkuta ameshaanza kutafuna ukili uliokuwa unausuka. Kuogopa kunataka nguvu, na mgonjwa hana nguvu ya kuogopa. Mgonjwa anasimama peke yake, mgongo umejikunja, mkia umelala, manyoya yamesimama, anautazama ukuta. Unamfuata, hakimbii. Unamwinua, halii. Unaondoka, unarudi baada ya muda mrefu, majani yako vile vile. Mwanambuzi ambaye jana mlimkimbiza ua mzima bila kumkamata, leo amelala mapajani mwa mtoto, hajajifunza mapenzi kwa usiku mmoja. Msimpige picha. Mkagueni.

Wala si kazi ya kisomi. Vuta kope ya chini utazame ndani: ikiwa na wekundu wa damu, vizuri, ikiwa nyeupe, damu imepungua, na mara nyingi ni minyoo inayomnyonya tumboni, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili ndizo sikukuu yake. Papasa chini ya taya. Pakivimba na kubonyea kama unga uliokandwa, damu imeshapungua sana, usingoje Jumatatu. Sikiliza meno: anayesaga meno na mdomoni hamna kitu ana maumivu. Mtazame akiwa amelala, anacheua au hacheui? Mbuzi mwenye haya, hata kama hakuamini hata kidogo, ukimwacha atalala na kucheua. Kwa kitoto cha wiki moja mbili hapo usimhukumu, tumbo lake bado la maziwa. Kwake angalia kama ananyonya kwa pupa, na kama tumbo limejaa baada ya kunyonya.

Kinyesi nacho. Vipunje vikavu, furaha. Uji, shida. Najua mnakula, samahanini.

Kamasi nzito, machozi, vidonda mdomoni na kuharisha vikija pamoja, hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, na hapo si suala la mbuzi wako peke yake. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, na haukuchukua muda kutufikia kusini. Ulipoingia Tandahimba, mkoani kwetu, waliochunguza waliwashuku mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, yaani wageni, watulivu bila shaka, waliosafiri njia yote ile kuja kuwazoea wenyeji. Ndiyo maana mbuzi mpya anatengwa kwanza. Mtaniuliza: umesema ni mnyama wa kundi, sasa unataka atengwe tena? Ndiyo. Atengwe asigusane na wenzake wala kunywa nao ndoo moja, ila awaone na kuwasikia. Uzio wa fito mbali kidogo unatosha.

Mnaokimbilia kuchoma sindano ya oksitetra, ile antibiotiki, kila mbuzi akizubaa, jueni kwamba haiui minyoo. Mnaowamwagia maganda mabichi ya muhogo mchungu, sina hata la kuwaambia. Hiyo ni sumu.

Naambiwa pia afisa mifugo yuko mbali, kata nzima mtu mmoja, na pikipiki yake mara ina mafuta mara haina. Kweli. Lakini simu mnayo. Ukimpigia ukamwambia "mbuzi wangu kapoa tu", atakujibu nini mtu wa watu? Mwambie kope ni nyeupe, hacheui tangu asubuhi, anaharisha, joto ni kadhaa. Hapo hata akiwa Newala anaweza kukwambia anza na hiki wakati ninakuja.

Na hilo la joto ndilo lililowachekesha pale barazani niliposema. "Mwalimu, mbuzi naye apimwe homa?" Apimwe. Mmoja akamshika sikio akasema hana homa, mwingine akamshika sikio hilo hilo akasema anaungua. Sikio la mbuzi aliyekaa juani litakudanganya, na kiganja chako pia, kwa sababu mbuzi mzima ana joto la nyuzi 38.5 hadi karibu 40, ambalo kwa mwanao ungeshakuwa njiani kwenda hospitali. Akipita 40 akiwa kivulini, ni homa. Akiwa chini ya 38 ni hatari zaidi, hasa kitoto, anahitaji kupashwa joto kabla hujamlazimisha maziwa. Kipimajoto cha kawaida cha betri cha duka la dawa kinafaa. Kipake mafuta kidogo, kifunge uzi kisipotelee ndani, kiingie mkunduni, subiri kilie. Kisha kiandikwe MBUZI kwa kalamu isiyofutika, na kisirudi kwenye kabati la dawa za watoto.