Tisheti za marehemu zina hela, nauli ya aliye hai haina

Juzi usiku nimeongezwa kwenye grupu jipya la WhatsApp, "Kumbukumbu ya Mwaka 1", na kabla hata sijasalimia mweka hazina keshamwaga bajeti: misa, maturubai, chakula, MC (jamani, MC kwenye kumbukumbu?), keki, na tisheti 60 zenye picha ya mamkubwa na utepe wa pinki wa kansa ya matiti begani. Ahadi zikaanza kuporomoka. Huyu laki, yule laki mbili, binamu aliyeko Oman akafunga na laki tano. Saa moja haijaisha tumevuka milioni na nusu.

Sasa rudi nyuma wiki mbili, grupu la ukoo, watu ni walewale. Mamdogo, mdogo wake huyohuyo mamkubwa tunayemkumbuka, naye alitolewa ziwa moja miaka mitatu iliyopita. Akaandika kwa unyenyekevu kabisa kwamba tarehe ya kliniki Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, imefika na mahindi hayajauzwa, mwenye uwezo amshike mkono nauli ya kutoka Iringa. Akajibiwa "Mungu ni mwema mama", vikono vya maombi kama kumi hivi, na kuna mtu akamtumia video ya kwaya. Nikamtumia mimi elfu themanini na ya kutolea, na sijisifu, maana na mimi nilikaa siku mbili navizia kama kuna mwingine atatangulia.

Kinachotuponza ni hili neno "amepona". Siku alipomaliza mionzi tulipiga picha, tukamshukuru Mungu, tukafunga daftari la mchango. Kwa akili zetu kansa ni malaria, ukimaliza dozi umemaliza. Wakati mwenyewe kila asubuhi anameza kidonge na kaambiwa atameza miaka 5, huenda na zaidi. Mkono wa upande ule unavimba, ndoo ya maji hanyanyui, na huyu ni mkulima, jembe ndio mshahara wake. Kliniki anatakiwa arudi na kurudi, anashuka Mbezi anapanda mwendokasi mpaka Kivukoni, kutoka hapo anakanyaga kwa miguu ili abakize ya chai.

Safari ya mwisho alilala kwangu, asubuhi nikamkuta chumbani anajiandaa. Kachukua kipande cha kanga kuukuu, kakikunja mara nne, kakisokomeza ndani ya soksi ya mtoto, kakitia kwenye sidiria upande wa kushoto, akajitazama kiooni. Akakitoa, akapunguza, akarudisha. Akaniona. "Kikizidi kinapanda mpaka shingoni mwanangu, watu kwenye basi wananishangaa," akacheka mwenyewe. Mimi kicheko kilinigomea, nikaenda jikoni nikajifanya naangalia chai.

Nani atachapisha kadi ya mchango wa kitu kama hicho? Mgonjwa mahututi tunamwelewa, marehemu ndio tunamwelewa kuliko wote, ila huyu wa katikati, anayetembea na ugali anakula, tunaona anatusumbua tu. Na msinitajie bima, sheria ya bima kwa wote ilipita 2023, sawa, lakini bima haikukatii tiketi ya basi. Matembezi ya pinki ya kila Oktoba sitasema kitu, leo sitaki ugomvi na watu wa selfi.

Haya, kumbukumbu ina kazi yake, nakubali. Rambirambi za mwaka jana zilitulipia madeni ya dawa, na mtu kulia pamoja na wenzake si kitu kidogo. Lakini hata hao Wamarekani tunaowaiga utepe wana utaratibu. Mwaka 1985 kule Tacoma daktari mmoja, Gordy Klatt, alizunguka uwanja saa 24, marafiki wakilipa dola 25 wakimbie au watembee naye nusu saa, akapata kama dola 27,000 za mapambano ya kansa, na ndiyo ikazaa Relay for Life, matembezi ya kuzunguka uwanja kuchangia kansa. Tisheti wanazo, tena za kila rangi. Ila mzunguko wa kwanza wanaachiwa waliougua, wengine wote wanasimama pembeni wanawapigia makofi. Marehemu wanawashiwa mishumaa usiku, ndani ya mifuko ya karatasi yenye majina yao. Walio hai kwanza! Sisi tumebeba mshumaa, mzunguko tumeuacha hukohuko Tacoma.

Kwa hiyo nimeandika grupuni: keki na MC vitoke, hiyo hela iwe nauli ya mamdogo ya mwaka mzima na ziwa la bandia la kueleweka, kikibaki chochote wapewe kina mama anaokaa nao benchi moja kliniki. Mamkubwa mwenyewe alipokuwa wodini chapati tulizompelekea asubuhi, mchana tulikuta kazigawa kitanda hadi kitanda, na sisi tukamgombeza.

Mweka hazina kajibu, "Wazo zuri sana dada, tutalijadili baada ya shughuli." Chini yake kaweka orodha, kila mtu aandike saizi yake ya tisheti.

Mamdogo yumo humo grupuni, kasoma yote. Kaandika: "Mimi nipeni XL, isinibane kifuani."