Kangaga la mikokoni na ndugu zake wa kweli

Ukifika mikokoni, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, utakuta kangaga kubwa linalopita kimo cha mtu. Pindua jani lililokomaa. Vijani vyake vya juu, upande wa chini, vimefunikwa vyote na unga wa rangi ya kutu. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliliita Acrostichum aureum mwaka 1753, na kwa muda mrefu makangaga mengi yaliyofunikwa na unga namna hiyo yalitiwa kapu moja, jenasi (yaani kundi la spishi zinazohesabiwa kuwa ndugu wa karibu) hiyo ya Acrostichum.

Kwa macho matupu, sababu ilitosha. Weka sasa unga huo chini ya hadubini. Spora, ile chembe ndogo ambayo kangaga huzaliana nayo, ya kangaga la mikokoni ina mistari mitatu inayokutana katikati, mfano wa unyayo wa kuku. Elaphoglossum, kangaga la misitu ya milimani lililokuwa kwenye kapu lilelile, spora yake ni kama haragwe na ina mstari mmoja tu. Platycerium, lile linaloota juu ya miti na majani kama pembe, spora yake nayo ni kama haragwe.

Wataalamu waliposoma jeni ya rbcL, iliyomo kwenye kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga), kapu likapasuka. Elaphoglossum na Platycerium kila moja lina familia yake, mbali na kangaga letu. Na jamaa wa karibu wa jitu hilo la maji chumvi? Ceratopteris, kijani laini cha madimbwini na mashamba ya mpunga! Kwa sura hakuna ambaye angewaweka pamoja.

Wapo wanaosema kwamba basi hadubini imemaliza kazi, tusome vinasaba tu. Sikubali hata kidogo. Vinasaba vinakwambia nani ni ndugu wa nani. Havikuonyeshi undugu huo umejichora wapi mwilini. Na spora iliyofukiwa kwenye tope la ziwa kwa maelfu ya miaka mara nyingi haina jeni ya kusomeka, ila mistari yake mitatu bado ipo. Halafu kuna suala la gharama: shule nyingi hazitaona mashine ya kusoma vinasaba karibuni, lakini hadubini moja na jani moja vinatosha darasa zima.

Mimi ningeanza na kifuko cha spora. Kimezungukwa na mkanda wa seli nene: kwenye makangaga-miti umekaa mshazari, kwenye la mikokoni umesimama wima, na mkao huo peke yake unakusogeza karibu na ukoo. Taa ya hadubini ikikipasha joto, mkanda unakauka, kifuko kinachanika, mkanda unajikunja kinyumenyume polepole mpaka unakaribia kugusa shina lake. Unatulia kidogo. Kisha unafyatuka, na spora zote zimekwisha kuruka nje ya duara la kioo kabla hujapepesa jicho.